Usiku Ule Kulikuwa na Mwezi?

Juzi kituo kimoja cha redio hapa Mwanza kilimweka mtunzi wa riwaya hewani saa nzima. Akaulizwa msukumo anautoa wapi, rangi gani anaipenda, chai ya maziwa au ya rangi, usiku au alfajiri, sato au sangara. Riwaya yenyewe, ambayo sehemu kubwa inatendeka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, ilitajwa mwishoni ili watu wajue bei na duka inakouzwa. Mtunzi naye hakutuangusha: msukumo, akasema, humjia akitazama jua likizama pale Capri Point.

Sawa. Machweo ya Capri Point ni mazuri, sibishi. Ila machweo hayajawahi kuandika sura ya tano. Sura ya tano huandikwa na mtu anayejua mambo, na hapo ndipo riwaya nyingi za Kanda ya Ziwa zinapopwaya, na mtangazaji hata mmoja haulizi.

Chukueni lile tukio ambalo kila mwandishi wa huku analiona ni lazima: wapenzi wawili ufukweni, mwezi mpevu juu, na kule mbali taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini. Tamu kweli kweli. Tatizo ni kwamba dagaa huvuliwa gizani. Taa, iwe karabai ya zamani au hizi za sola, huelea juu ya maboya. Dagaa wanaufuata mwanga, wanajaa chini yake, ndipo wavu unapofanya kazi. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, na dagaa hana sababu ya kuijali taa yako. Kwa hiyo siku zile za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa inalala nchi kavu. Watu wanaziba nyavu, wanagonga mbao zilizoachia, wengine wanapanda magari kwenda kusalimia kwao. Mzigo unakuwa mchache, bei ya sado inapanda, mama lishe anaanza kuandika madeni.

Na hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu ukweli ni mtamu kuliko ule uongo! Mwanamke aliyeolewa na mvuvi wa dagaa anaishi na mume wakati wa mwezi, siku za giza zikiingia anabaki peke yake. Ugomvi, mimba, fumanizi, mkopo, kila kitu katika nyumba ile kinafuata mwezi. Hiyo ni riwaya nzima, na mwandishi aliyekaa anangoja msukumo ameipita njiani bila kuisalimia.

Kuhakiki si kazi ya profesa. Kabla ya sura ya kwanza, fungua daftari uchore safu nne: sura, tarehe, umri wa mwezi, mvua au kiangazi. Umri wa mwezi unao kwenye kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani kwa jirani. Tarehe 14 au 15 mwezi ni mpevu, unatoka jua likizama na unakesha. Baada ya hapo kila siku unachelewa kutoka kwa dakika 50 hivi. Wa siku saba unazama saa sita kuelekea saa saba usiku. Wa siku ishirini na mbili ndiyo kwanza unatoka muda huo. Mwizi wako akihitaji giza saa tatu usiku, mpe tarehe 22 kwenda mbele. Na kama sura ya pili ni mkesha wa Idi el Fitr, tafadhali usituletee mwezi mpevu katika sura ya tatu inayotokea kesho yake. Nchi nzima imetoka kuutafuta mwandamo kwa macho.

Jua nalo. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam lakini saa yetu ni ileile, basi jua huku hutoka nyuma ya Dar kwa dakika kama 25. Kwa mwaka mzima huchomoza kati ya saa 12:25 na saa moja kasoro dakika chache. Mhusika wako anayeota jua saa kumi na mbili kamili anaota kweli. Na ukimpeleka Bukoba, kumbuka kule jua hutoka ziwani. Jioni huzama nyuma ya vilima.

Kinachoniudhi zaidi ni kuazima pwani. Tumesoma riwaya za Unguja na Mombasa, tukazipenda, sasa ziwa letu limejaa ngalawa, minazi, harufu ya chumvi, na maji yanayokupwa na kujaa. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho! Maji yake hupanda na kushuka kwa mvua na miaka, kama yalivyopanda kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Saa za mvuvi wetu zinatawaliwa na upepo: usiku unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Mashua ya tanga hutoka na ule, hurudi na huu.

Historia nitaigusa tu. Sangara alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950 upande wa Uganda, na huku hakujaa nyavuni hadi miaka ya 1980. Babu yako wa mwaka 1940 alikula samaki wengine, furu na ningu. Magugu maji ni ya karibu na 1990. Reli ilifika Mwanza 1928, kwa hiyo Mjerumani wako wa enzi za ukoloni wao asishuke kwenye treni hapa. Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo wahusika wangoje kivuko kama tulivyokingoja sote.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya kubuni. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alibuni pia. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kuichapa kwa lugha hiyo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikachapwa 1980, naye akafariki 1981. Ndani yake pombe ya ndizi inatengenezwa hatua kwa hatua, na msomaji hachoki. Sidhani kama kuna aliyemuuliza anapenda rangi gani.

Nikubali moja, kwa shingo upande: swali la chakula lina maana kidogo, likiulizwa vizuri. Mwandishi anayekula dagaa wa Mwanza anajua waliokaushwa mchangani lazima waoshwe maji matatu manne, na wa kwenye chanja hawasumbui. Anajua michembe ni viazi vilivyokatwa vikaanikwa vibichi, na matobolwa huchemshwa kwanza. Mkwe akikosea hapo, umepata mazungumzo ya kurasa mbili.

Na ratiba? Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 24: maneno 60,000. Wanaoanza Januari na maneno 3,000 kwa siku Februari hawaonekani. Kingine kinachoua mswada ni kurudia kusoma sura ya kwanza kila asubuhi ukiipaka rangi. Acha jana katikati ya tukio, leo uendelee. Nakala weka tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi, na moja ujitumie kwa barua pepe, maana umeme wetu mnaujua.

Rasimu ikikamilika, chukua zile sura za ziwani uende kwenye mwalo wa Kirumba au Igombe mchana, katika siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa na nafasi. Wasomee kwa sauti, usieleze kitu. Wakicheka pasipo na kichekesho, weka alama pembeni ya mstari, uliza, andika jibu kama walivyolisema. Na uwalipe muda wao; soda moja haitoshi.