Kiara alirudi, sisi hatukurudi

Binti yangu amezaliwa hapa Columbus, jimbo la Ohio, na Kiswahili chake ni cha ndani ya nyumba: anaelewa chote, anajibu nusu. Ilipotoka Mufasa: The Lion King, Desemba 2024, tulikwenda kuiangalia, naye hakushughulika sana na Mufasa mwenyewe. Macho yake yalikuwa kwa Kiara, yule mtoto wa simba anayesimuliwa habari za babu yake, Mufasa. Tulipoingia kwenye gari akaniuliza: Kiara akikua inakuwaje?

Nikamwambia jibu lipo, tena limekuwepo tangu kabla sijajuana na mama yake. The Lion King II: Simba's Pride ilitoka mwaka 1998. Hapa Marekani haikupitia majumba ya sinema, iliuzwa moja kwa moja kwenye mikanda ya video, na nadhani ndiyo sababu watu wazima wengi wanaichukulia kuwa katuni ya kuwatuliza watoto. Mimi siichukulii hivyo. Nimeiangalia nikiwa mtoto Morogoro, nimeiangalia tena nikiwa baba Ohio, na naona inagusa jambo ambalo sisi tulioondoka tunalizunguka kila tukikutana, hatulishiki.

Kwa asiyeijua: Simba sasa ni mfalme na ana binti. Kiara anavuka mpaka akiwa mdogo na kukutana na Kovu, mtoto wa kundi lililofukuzwa kwa sababu lilisimama upande wa Scar, yule ndugu yake Mufasa aliyemuua na kunyakua ufalme. Mama yake Kovu, Zira, anamkuza kwa kazi moja tu, aje amwondoe Simba na kukalia kiti chake. Wanakua. Kovu anatumwa, anapokewa kwa shingo upande, na kule alikotumwa kuua anajikuta anapenda. Ni Romeo na Juliet ya Shakespeare, ila hapa wapendanao hawafi, na hilo la kutokufa ndilo linaloleta ugumu wote, maana wanaobaki hai lazima waamue waishi wapi na nani.

Sisi wenye Kiswahili tunaingia kwenye hadithi hii kwa mlango ambao wengine hawana. Scar maana yake ni kovu. Kijana wa watu amepewa jina la yule yule anayetakiwa kulipiziwa kisasi, limegeuzwa lugha tu, na hakuna mhusika anayelitaja hilo. Dada yake anaitwa Vitani. Mama ni Zira, na kwetu mtu akizira amesusa, umbembeleze usimbembeleze hageuki. Halafu kuna wimbo ambao Rafiki, yule nyani mzee, anawaimbia wapenzi hawa juu ya mahali paitwapo Upendi. Walikusudia upendo, naelewa, lakini sikio langu kila mara linasikia "hupendi", na linashtuka pale pale. Nilipomweleza binti yangu haya, alirudisha filamu nyuma ili asikie majina upya. Sijawahi kumwona akijivunia Kiswahili kama jioni ile.

Tukio lililonikaa rohoni ni la mawindo. Kiara amefikia umri wa kuwinda kwa mara ya kwanza na anamwomba baba yake amwahidi kwamba atamwacha awinde peke yake. Simba anaahidi. Kiara akishageuza mgongo, anawatuma rafiki zake, Timon na Pumbaa, wamfuate kimyakimya. Binti anagundua, anaumia, anakimbilia mbali kuliko alivyoruhusiwa. Siku tuliyoiangalia alikuwepo nyumbani kwetu rafiki wa binti yangu, mtoto wa Kimarekani. Wote wawili walinyanyuka kwenye kochi. Ameahidi! Amemdanganya! Yule rafiki sauti ilimtetemeka, na nilijua hasemi kwa kuigiza. Kwake baba aliyevunja ahadi alikuwa amevunja kitu kikubwa.

Nikakumbuka sebule nyingine. Ilikuwa kama mwaka 2000, kwa jirani aliyekuwa na deki. Tulibanana sakafuni watoto wa mtaa mzima na wengine walining'inia dirishani. Tukio hili hili lilipita na hakuna aliyemlaumu Simba. Tulicheka jinsi Timon na Pumbaa walivyobambwa. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa mlangoni na kitambaa chake cha kufuma, alisema, "Sasa baba gani atamwacha binti yake aingie porini peke yake?" Tukaona kasema kweli, filamu ikaendelea.

Nimezifikiria sana sebule hizi mbili. Huku upendo unapiga hodi. Unauliza kwanza, na ukikataliwa unangoja nje. Nimejifunza mengi kutokana na hilo na sitaki kuyapoteza. Ninagonga mlango wa chumba cha binti yangu kabla ya kuingia. Nikimkosea ninamwomba msamaha. Baba yangu alitupenda, nina hakika, na hakuwahi hata siku moja kumwambia mtoto wake "nisamehe". Neno hilo nililizoea huku, na nilipolitamka mara ya kwanza kwa mtoto nilihisi koo linakauka.

Lakini nimeona pia upendo unaopiga hodi ukichelewa kufika. Ghorofa ya chini yetu alikaa mzee ambaye watoto wake walipiga simu kabla ya kuja, na wasipokuja alisema bila uchungu kwamba nao wana maisha yao. Usiku aliochukuliwa na gari la wagonjwa, aliyesimama mlangoni ameshika koti lake alikuwa mimi. Watoto wake si watu wabaya. Walimpa heshima aliyoitaka, ya kutoingiliwa. Nilirudi ndani nikakaa jikoni taa imezimwa, na niliyekuwa nikimfikiria si yule mzee.

Na nyumbani? Nyumbani tunasifu wajibu mpaka tunasahau kumuuliza anayeubeba. Katika filamu, Zira anaimba wimbo wa kulalia ambao ndani yake hakuna usingizi, kuna kisasi tu, na mtoto anaambiwa yeye ni nani kabla hajajua kukataa. Siwafananishi mama zetu na Zira, wala sitaki mtu anisome hivyo. Lakini na sisi tuna maneno tuliyolazwa nayo. "Soma, mwanangu, uje unijengee." Nimelisikia hilo kabla sijajua kuandika jina langu. Lilisemwa kwa mapenzi, na bado lilinifanya nikue nikijijua kuwa mimi ni deni. Leo kuna ndugu ambao simu zao zinaanza na shida na kuishia na shida, miaka inapita hajauliza nimelalaje. Natuma, na nitaendelea kutuma. Ila siuiti huo upendo, na nadhani tunawadhulumu watoto wetu wa huku tukiwaambia kwamba ndio upendo wa Kiafrika, kisha tukashangaa wanapoukimbia.

Sasa nifike kwa kaka yangu.

Kwa simba halisi wa Serengeti, binti kwa kawaida hubaki kwenye kundi la mama yake. Wanaoondoka ni madume, wakifika miaka miwili au mitatu hivi, wanafukuzwa au wanajiondokea, wakatafute kundi jingine. Nyumbani kwetu tulizaliwa madume wawili. Mimi niliondoka mwaka 2009. Kaka alikuwa na kazi Dar es Salaam na mchumba aliyekuwa amepata kazi Mwanza, naye alikuwa anapanga kumfuata. Mwaka 2011 Baba akapata kiharusi. Kaka akarudi Morogoro kwa wiki mbili. Hajaondoka tena.

Mimi sikwenda. Maombi yangu ya ukazi yalikuwa yanashughulikiwa, na kutoka nje ya nchi bila kibali cha safari kungeyafuta. Hiyo ni kweli, na nimeisema mara nyingi sana, kwa watu wengi kuliko waliouliza. Baba alipofariki mwaka 2013 niliyaona mazishi kwenye simu ya binamu, picha inakatika. Pesa za jeneza nilituma mimi. Aliyemgeuza Baba kitandani kila usiku kwa miaka miwili ni kaka. Yule mchumba wa Mwanza aliolewa na mtu mwingine, na katika familia yetu hakuna aliyewahi kukaa na kaka akamuuliza: wewe ulitaka nini?

Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya filamu hii nilikuwa naiogopa. Kovu amefukuzwa, Kiara amemtoroka baba yake kumfuata. Wamepatana, wako peke yao, nyika yote iko mbele yao. Kovu anamwambia, twende zetu, tukaanzishe kundi letu wenyewe. Sijui mtu aliyehama ambaye hajasema maneno hayo. Ndiyo tuliyoyafanya. Tumekwenda zetu, tumeanzisha makundi yetu Columbus, Houston, London, Toronto, na tunayaita maisha. Na Kiara, ambaye tangu mwanzo ndiye anayedai uhuru, ndiye anayekataa. Hakuna aliyemtuma. Baba yake hayupo pale. Anarudi, anasimama katikati ya vita, na kumlazimisha Simba aone kwamba wale anaowaita wageni ni wenzake.

Tangu utoto nilikuwa nakumbuka jibu lake kwa Kovu neno kwa neno. Anasema: "Na wazee tutamwachia nani?" Nimetembea na sentensi hiyo zaidi ya miaka 20. Ilinijia uwanja wa ndege siku ninaondoka. Ilinijia tena mwaka 2013. Nilipokaa kuangalia na binti yangu nikaingoja, nikaikaza mikono.

Haipo. Kiara anasema kwamba nafasi yao ni kwenye kundi lao, na kwamba wakikimbia, makundi haya mawili yatabaki yamegawanyika milele. Wazee hawatajwi kabisa. Nilirudisha nyuma mara tatu, mpaka binti yangu akaniuliza kama ninaumwa.

Sebuleni kwa jirani, sisi watoto hatukujua Kiingereza. Aliyekuwa akitutafsiria ni kaka. Alikuwa kidato cha pili, Kiingereza chake kilikuwa cha daftarini, na alisimama pembeni ya televisheni akisema kwa sauti kubwa kila alichodhani wanasema. Sentensi ile ilikuwa yake. Alikuwa ameshajibu swali ambalo maisha hayajamuuliza bado, na mimi nilidhani ni simba ndiye anayesema.

Naandika haya kwa sababu katika mikutano yetu ya ughaibuni kuna mabishano yale yale kila mwaka. Upande mmoja unasema mkataa kwao ni mtumwa, turudi. Upande mwingine unasema tumeshatuma vya kutosha, watuache tuishi. Pande zote mbili zinazungumza kana kwamba wajibu ni umbali wa kilomita. Kiara anachokwenda kufanya si kukaa karibu na baba yake. Anakwenda kukataa mgawanyiko, na hata kwa Zira, aliyetaka kumuua baba yake, ananyoosha mkono amwokoe ukingoni mwa mto. Zira haupokei. Alizira mpaka mwisho.

Mgawanyiko wetu ni wa kweli, una hata karatasi. Sheria ya uraia ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo binti yangu akifika miaka 18 atatakiwa kuchagua, na sioni haki kumwekea mtoto swali hilo. Lakini ule mgawanyiko wa mimi na kaka hakuna sheria iliyouleta. Niliuleta mimi, kwa kutuma pesa kila mwezi na kutouliza.

Jumamosi iliyofuata nilimpigia. Huku ilikuwa mchana, kule usiku, Mama ameshalala. Nilimwambia kuhusu sentensi ile. Hakuikumbuka. Nilimuuliza juu ya Mwanza, kwa mara ya kwanza, na akakaa kimya muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hilo tuongee siku ukija." Nikamwambia nakuja Desemba. Sijawahi kumtajia mwezi.

Binti yangu alikuwa amekaa pembeni yangu anasikiliza. Akachukua simu, akamsalimu, "Shikamoo, Baba Mkubwa," halafu akaielekeza kamera kwenye televisheni, akaiweka filamu pale pale, Kovu na Kiara peke yao nyikani. Akapunguza sauti mpaka ikaisha kabisa. "Tafsiri," akamwambia.

Na kaka, mtu wa miaka 40 na ushee, akakohoa kidogo kusafisha koo, akaanza.