Haki ya picha ipo, nauli ya kuidai haipo

Januari 12, 2010, Port-au-Prince ikiwa kifusi, mpiga picha wa Haiti, Daniel Morel, alipandisha picha zake za tetemeko kwenye TwitPic, huduma ya kuweka picha za kutumia Twitter. Mtu mwingine akazidaka na kuzitoa kama zake. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazichukua kwa jina la huyo na kuzisambaza, na wakala wa picha Getty naye akazigawa. Morel alipolalamika, AFP ndiyo iliyotangulia mahakamani New York, ikidai masharti ya Twitter yanaruhusu. Mwaka 2013 jaji alikataa hoja hiyo, na Novemba juri ikaamua Morel alipwe takriban dola milioni 1.2.

Ni ushindi, lakini ulichukua karibu miaka minne na mawakili. Mpiga picha wa Kisumu anayeikuta picha yake ya machweo kwenye ukurasa wa hoteli ana haki ya namna hiyo, tena bila kusajili popote. Anachokosa ni nauli ya kuidai. (Kama aliagizwa, tuseme harusini, ni balaa jingine: sheria ya Kenya huihesabu hakimiliki kuwa ya aliyeagiza, isipokuwa walikubaliana vingine.) Marekebisho ya sheria hiyo ya 2019 yalileta njia fupi: unamwandikia mtoa huduma za intaneti notisi, naye anatakiwa kuiondoa picha ndani ya saa 48 za kazi. Inaondoka, sawa, ila hakuna aliyekulipa, na tangazo limeshafanya kazi yake.

Basi adhabu ziongezwe? Hapo nasita. Ughaibuni yapo makampuni yanayosaka picha kwa programu, kisha kumtumia mwenye tovuti ndogo barua ya madai, mwoga hulipa. Wapo hata wanaotoa picha kwa leseni huria ya Creative Commons, inayokuruhusu kuitumia picha bure mradi umtaje mwenyewe, ili wamvizie atakayekosea kutaja jina. Toleo la 4.0 la leseni hiyo, la 2013, likaweka siku 30 za kurekebisha tangu kosa ligunduliwe. Na wapiga picha wangapi wamepata wateja kupitia watu waliosambaza kazi zao bila kuomba?

Mimi ningeanza na gharama ya kudai. Marekani tangu Juni 2022 ina baraza la madai madogo ya hakimiliki: mashauri husikilizwa mtandaoni, na fidia haizidi dola 30,000. Kasoro ni kwamba mdaiwa anaruhusiwa kujitoa, na akijitoa, mpiga picha anarudishwa kwenye mahakama ya shirikisho, kule kule kwa mawakili.