Mishipa ya damu haisubiri ufike miaka arobaini

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, simama karibu na Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma uone vikundi vya joging vinavyopita na fulana za rangi moja, mmoja akiimba na wengine wakiitikia. Mwaka jana nami nilijiunga na kimojawapo. Nikitazama wenzangu naona watu wa rika langu tu: wafanyakazi wa ofisini, miaka arobaini hadi hamsini na ushee, wengi tuliokimbilia mazoezi baada ya daktari kutushtua. Mimi presha yangu ilisoma 160 kwa 100.

Watoto wetu hawapo. Wazee wetu hawapo. Hapo ndipo tunapokosea.

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza nchi nzima ifanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Jambo jema kabisa. Lakini mshipa wa damu hauanzi kuziba siku unapopata cheo na gari. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22 hivi, na zaidi ya robo tatu walikutwa tayari mishipa ya moyo imeanza kuharibika. Hao walikuwa vijana wakakamavu, wanaotembea na mizigo mgongoni!

Mwanangu ana miaka 12. Asubuhi bodaboda, jioni bodaboda, mapumziko soda na chipsi, usiku simu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa umri huo anahitaji walau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Azipate wapi? Uwanja waliochezea watoto wa mtaani kwetu umeshazungushiwa ukuta, maana mji unakua na kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Kipindi cha michezo shuleni nacho mara nyingi humezwa na masomo ya ziada. Hili linaniuma kuliko hata presha yangu.

Mama yangu yuko Chamwino, ana miaka 71. Yeye husema presha ni ya uzee, aachwe ale. Ni kweli kwamba umri unavyosogea mishipa hukakamaa na namba ya juu hupanda, lakini mzee naye akipunguza chumvi presha yake inaweza kushuka. Siku moja nilimpa sahani tupu nikamwomba, "Mama, niwekee hapa chumvi unayotumia mwenyewe kwa siku." Akaweka ya mboga, akaongeza ile anayonyunyizia mezani. Nikapima kwa kijiko cha chai: viwili na zaidi, wakati kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja kisichojaa. Nikamwambia na magadi anayopikia mlenda yana sodiamu ileile iliyomo kwenye chumvi.

Akanyamaza kidogo. "Kumbe na magadi, mwanangu?"

Sikumwambia aache mlenda; mlenda na ugali wa uwele ni chakula bora kuliko chipsi zetu za mjini. Amepunguza magadi, chumvi ya mezani ameiondoa, na dawa zake anameza kama kawaida.

Ningependa vikundi vyetu vitoke kwenye lami virudi mitaani: wazee watembee jioni jua likipoa, watoto wachezeshwe mpira, na kijana wa miaka 20 apimwe presha bila kusubiri kichwa kimuume. Mashine ya kupimia ni ndogo, inabebeka kwenye mkoba.

Juzi mwanangu ameomba kuja Jumamosi. Kikundi hakijawahi kushona fulana za watoto, kwa hiyo yangu ya zamani nimeipeleka kwa fundi aipunguze.