Baba mkwe hakula vanishi

Baba mkwe wangu hakula vanishi. Nalisema hili mapema kwa sababu shoga yangu, tunayepakana naye ukuta, keshaweka kwenye stetasi yake kwamba "Mama Nasra kamlisha mkwe vanishi", na tangu alfajiri simu yangu haipumui. Hadi shangazi wa Korogwe kapiga kuuliza mzee kalazwa wodi gani. Mzee hajalazwa. Mzee yuko barazani anakunywa kahawa na kucheka peke yake, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko wodi.

Tulieni basi niwape yaliyotokea.

Februari ya Dar mnaijua. Jua linazama, joto linabaki ndani limekaa kwenye kochi. Ukiwasha gesi upike, unaiva wewe kwanza. Watoto nao ugali hawautaki, wanataka maji ya barafu na ugomvi. Ndiyo nikawa naangalia zile video za akina mama wa Marekani. Kwao joto likipamba moto, Julai huko, jioni hawapiki. Wanatandaza jibini, matunda, biskuti na mboga mbichi juu ya ubao mpana, watoto wanazunguka wanajichagulia. Hakuna sufuria, hakuna kusugua ukoko. Nikasema hawa wana Julai yao na mimi nina Februari yangu, jasho ni lile lile.

Ila ubao sikuwa nao. Sasa nyuma ya uani kwetu kuna fundi seremala, nikamwomba kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha watu. Akakipiga randa, akakipiga msasa, na mimi kwa mdomo wangu huu huu nikamwambia, "Fundi, nataka ung'ae." Ijumaa usiku akaniletea. Ulikuwa unang'aa hadi nikajiona nywele zinazohitaji kusukwa. Kunukia ulikuwa unanukia, sikatai, lakini ukikaa jirani na seremala hata chai inanukia vanishi. Pua zetu zilishakata tamaa.

Jumamosi nikashuka sokoni Mabibo. Tikiti, nanasi, embe, matango, karoti. Mayai ya kuchemsha nikanunua kwa yule kijana wa ndoo na kachumbari yake, kwa hiyo kuchemsha ni kwake, mimi sijapika. Mkate wa slesi. Krispsi za muhogo. Jibini kidogo, kwa bei ambayo sitaitaja maana Baba Nasra ananifuatilia humu. Korosho za huyu mdogo nikazisaga kabisa, mtoto wa miaka 3 hapewi korosho nzima, inaweza kumpalia. Matunda nikayakata dakika za mwisho, kwa sababu joto likishapita nyuzi 32 tunda lililokatwa si la kukaa nje zaidi ya saa moja. Usafi wote huo niliuzingatia. Naomba muukumbuke mtakapokuwa mnanicheka.

Nimeshatandika mkeka, nimeshaanza kupanga, nasikia hodi.

Baba mkwe. Kutoka Muheza. Bila simu, bila salamu ya kutangulia, na fenesi begani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimepita tu."

Mtu hapiti tu kutoka Muheza hadi Dar na fenesi la kushikwa na mikono miwili, lakini mkwe haulizwi. Baba Nasra yuko zamu ya usiku, kwa hiyo ni mimi, watoto, mzee, na ubao. Nikapaka mafuta kisu na viganja ulimbo usinishike, nikalipasua fenesi lake, nikaziweka nyama zake katikati ya ubao kwa heshima yake. Shoga akachungulia mlangoni akasema "waoo", akapiga picha. Hiyo ndiyo picha mnayotumiana.

Mzee akanawa mikono, akakaa, akautazama ubao. Akatazama jikoni. Jikoni kimya, hakuna harufu, hakuna kifuniko kinachocheza. Akarudi kwenye ubao.

"Tuwasubiri wanaopakua?"

"Baba, ndicho chenyewe. Karibu."

"Kipi?"

(Wewe wa Mombasa unayeandika "si ungepika wali tu", ungekuja kuupika wewe kwenye lile joto.)

Mzee ni mtu wa adabu. Akasema bismillahi, akanyoosha mkono kwenye slesi ya mkate iliyokuwa na jibini juu yake. Akaishika ukingoni kwa vidole viwili, kistaarabu. Akaivuta. Haikuja.

Akatabasamu. Nadhani alidhani ndiyo inavyoliwa. Akaongeza kidole cha tatu, akavuta tena, na hapo nikasikia kisauti kidogo, tsss, kama plasta inabanduliwa kwenye kidonda. Mkate ukarefuka. Wallahi mkate ulirefuka. Jibini likasogea, lakini chini slesi imeng'ang'ania mninga. Na kwa kuwa mzee hataki kumwaibisha mkwewe kwa kuacha chakula alichokwisha kukigusa, akavuta kwa nguvu za mtu aliyelima minazi maisha yake yote.

Ubao ukanyanyuka.

Ulinyanyuka upande wake, taratibu. Tikiti likaanza safari. Kipande cha kwanza kikatua kwenye kanzu, cha pili kikapita mkono wa kushoto, nanasi likafuata na maji yake yote. Krispsi zikamwagika mkekani. Matango yakabiringika. Mimi nimenyoosha mikono na sijui nidake nini, nikajikuta nimedaka karoti moja. Na katika maangamizi yote hayo, mayai hayakusogea. Nusu za mayai zilibaki pale pale ubaoni, wima, zinatutazama kwa viini vyao, ubao umesimama kama mlango.

Kimya.

"Mama," akasema Nasra, "mbona mayai hayaanguki?"

Na mdogo wake, Mungu amkuze, akapiga makofi: "Babu, vuta tena!"

Hapo ndipo ulimi wangu ukanitangulia. Nikasema, "Samahani baba, ni ulimbo wa fenesi."

Zawadi yake! Mtu kalipakata fenesi kwenye basi saa zote hizo hadi stendi ya Mbezi, nami nalisingizia. Na nani? Mzee aliyezaliwa chini ya mfenesi. Akaushusha ubao, akagusa pale mkate ulipong'ang'ania, akasugua vidole. Akaomba mafuta ya kula, maana ulimbo huachia kwa mafuta. Akapaka. Hakikuachia kitu. Akainua vidole puani, akanusa, akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu wa upande ule.

"Mwanangu, hii ni vanishi. Imepigwa lini?"

"Jana usiku, baba."

"Imepakwa mikono mingapi?"

"Miwili."

"Na hali ya hewa hii ya jasho! Umeshaona wapi kibao cha chapati kimepigwa vanishi?"

Sijaona. Hakuna aliyewahi kuona. Kibao cha chapati kwetu Tanzania nzima ni mti mtupu, na mimi ninacho, kimetundikwa jikoni hapo hapo.

Nikadhani yameisha. Mzee akajifuta tikiti kwenye ndevu, akauliza kwa upole kabisa:

"Na lile sinia tulilokuletea kwenye harusi, liko wapi?"

Nisikilizeni. Sinia lile ni la kulia watu sita, kazi niliyokuwa naitafutia ubao lingeifanya likiwa limefumba macho. Na liko wapi? Kwa shoga. Aliliazima kwa ajili ya maulidi, na huyo shoga wakati ule yuko pale pale mlangoni, simu mkononi, kimyaa, anasoma ukuta.

Mengine hayana urefu. Vya ubaoni vyote vikaenda kwenye ndoo, jibini la bei ile pia. Watoto wakabaki na korosho na fenesi lililosalia kwenye beseni, halijagusa ubao, na nikamtuma mtoto kibandani akaleta chipsi mayai. Mzee akala zake zote, akasifia. Kanzu ikalowekwa kwa sabuni ya unga, doa la nanasi limetoka, la vanishi sijui.

Asubuhi mzee akaubeba ubao mwenyewe hadi kwa fundi, akakaa huko muda mrefu, nikasikia wanacheka. Nikapata matumaini kwamba amemwambia aukwangue wote, upakwe mafuta ya nazi au uachwe hivyo hivyo.

Sasa hivi fundi kanitumia ujumbe. Anasema amesikia yaliyotupata, anaomba radhi sana, ubao haukuwa umekolea vizuri, kwa hiyo ameupiga mkono wa tatu, bure.