Michezo ya mabingwa wa zamani: inafundisha nini, na inapotosha wapi

Walimu wengi wa sataranji humpa mwanafunzi michezo ya mabingwa wa zamani kama Morphy, Rubinstein na Capablanca mapema kabisa. Wanaopinga wanauliza: kompyuta ilikwishamshinda Kasparov mwaka 1997 akiwa bingwa wa dunia, na leo programu ya kwenye simu haishindiki na binadamu yeyote, sasa ya nini kuhangaika na mapambano ya miaka 100 iliyopita? Pande zote mbili zina hoja. Tatizo ni kwamba kila upande unamzungumzia mwanafunzi tofauti.

Faida kubwa ya michezo ya zamani ni kwamba mpango unaonekana mzima, tangu unapoanza hadi unapozaa. Wachezaji wakubwa wa sasa huuzuia mpango kabla haujachipua. Hatua zao nyingi ni za kukinga jambo ambalo mtazamaji halioni kabisa, kwa hiyo anayeanza hubaki akitazama kete zinasogea tu.

Chukua pambano la Capablanca, aliyecheza kete nyeupe, na Tartakower, aliyecheza nyeusi, New York 1924. Kila mraba hutajwa kwa herufi ya mstari wake wa wima (a hadi h) na namba ya safu yake ya mlalo (1 hadi 8). Baada ya hatua ya 34 kila mmoja ana mfalme, ngome moja na askari watano. Ngome ya Capablanca iko h7, imembana mfalme mweusi kwenye safu ya 8. Ngome ya Tartakower iko c6, inamvizia askari wa c3. Wengi wetu tungekimbilia kumlinda askari huyo. Capablanca anampeleka mfalme g3, anamwacha askari wa c3 aliwe na ngome ambayo papo hapo inamtishia mfalme wake (yaani inamshambulia moja kwa moja), kisha anampitisha h4. Hatua ya 37 anasukuma askari hadi g6 na kumtoa mhanga yule wa f4, naye analiwa kwa tishio vilevile. Mfalme anapita g5, na hatua ya 39 anatua f6. Hesabu ya askari ni watatu kwa watano, Capablanca yuko nyuma, lakini ngome yake ikifika h8 mfalme mweusi hana pa kwenda.

Utamu zaidi uko kwenye kile ambacho hakukila. Askari mweusi wa f5 alikuwa karibu kabisa na mfalme, bila mlinzi, na bado Capablanca alimpita. Askari yule alikuwa ukuta wake: alizuia ngome nyeusi isimtishie mfalme kupitia mstari wa f. Alimla hatua ya 42, ngome ya Tartakower ilipokwisha kurudi nyuma kujilinda. Kufikia hatua ya 47 Tartakower alibakiwa na askari mmoja tu, wa b6, na baada ya hatua ya 52 akakubali kushindwa. Programu itakuonyesha hatua nzuri na tarakimu pembeni yake ya kupima nani anaongoza. Haitakuambia kwamba mfalme aliye kazini anaweza kuwa na thamani kuliko askari wawili, na hilo ndilo utakalolikumbuka mezani.

Upande wa pili wa shilingi ni mzito pia. Mchezo maarufu wa Morphy, Paris 1858, uliisha kwa hatua 17, lakini wapinzani wake walikuwa watu wawili wa kujifurahisha waliokuwa wakishauriana. Hatua ya 9 walisukuma askari b5 wakati mfalme wao bado yuko katikati. Morphy akatoa farasi kwa askari wawili, akafungua njia zote, na hadi mwisho askofu wao wa f8 na ngome yao ya h8 hazikuwa zimesogea hata mara moja. Anayekariri tukio hili bila kuhesabu kete zilizolala nyumbani ataanza kutoa farasi mbele ya mpinzani aliyekwisha kumficha mfalme wake. Atashindwa, na atastahili.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: maelezo ya michezo hii huandikwa matokeo yakijulikana. Hatua ya mshindi hupewa sababu nzuri hata kama alibahatisha, na kosa la mpinzani huonekana kama lisingeepukika.

Kanuni nazo huzeeka. Vitabu vya zamani vilionya usimwache askari wa d6 nyuma ya wenzake na kumpa adui mraba wa d5. Mpangilio wa Sveshnikov katika Ulinzi wa Sisilia, namna mojawapo ya mweusi kufungua mchezo, unafanya hivyo hivyo kwa makusudi, ili kete zipate nafasi ya kucheza. Carlsen aliutumia dhidi ya mpinzani wake Caruana, London 2018, akitetea ubingwa wa dunia. Michezo yote 12 ya muda mrefu kati yao iliisha sare, maana yake mpangilio huo haukumwangusha. Kwa hiyo ufunguzi usijifunze kwa Morphy.

Namna ya kusoma huamua mengi. Weka ubao halisi, funika hatua zinazofuata, na katika pambano la Capablanca anza kukisia tangu hatua ya 27. Andika hatua yako na sababu yake kwa sentensi moja, tumia dakika 5 hadi 10 pale pagumu, kisha ndipo ufunue. Programu ifunguliwe mwisho kabisa, kukagua maelezo na makisio yako. Ukiifungua mwanzo, kichwa kinaacha kufanya kazi. Halafu rudisha kete kwenye hali ya baada ya hatua ya 34, ucheze na mwenzako, dakika 15 kila mmoja, mkibadilishana rangi. Mchezo mmoja kwa wiki kwa mtindo huu unatosha. Kubofya michezo kumi kwa saa moja ni burudani tu.

Lakini kama bado unapoteza farasi au ngome bure katika kila mchezo, Capablanca asubiri. Fanya mafumbo mafupi ya hatua mbili tatu kila siku hadi kete zako ziache kuliwa hovyo. Ukishafika hapo, chagua michezo ambayo askari wake wamejipanga kama wanavyojipanga katika ufunguzi unaoucheza wewe, na mpinzani awe wa kiwango cha Tartakower, anayejitetea kwa kila hatua.