Jina dogo halibebi mchoro uliopauka

Mchoro wa rangi za maji wa msanii maarufu hununuliwa hata ukiwa umechakaa, kwa sababu jina linaubeba. Msanii aliyejulikana kwao tu hana ubavu huo. Ndiyo maana nashikilia kwamba kwa kazi kama hizi, hali ya rangi na karatasi itangulie, saini ifuate. Wengi hufanya kinyume: wanasoma saini, wanaulizia jina mtandaoni, kisha wanalipa.

Hakikisha kwanza kwamba ni mchoro kweli, si chapa. Tumia lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona vidoti vilivyojipanga kwa mpangilio, hiyo imetoka kiwandani. Vidoti vidogo mno vilivyotapakaa kama vumbi ni kazi ya printa ya wino. Rangi iliyopakwa kwa brashi hujikusanya ukingoni maji yanapokauka, ikaacha mstari uliokolea, na chembe zake hutuama kwenye vishimo vya karatasi. Mara nyingi penseli ya awali huonekana chini yake. Angalia zaidi ya sehemu moja, maana zipo chapa zilizoongezewa rangi kwa mkono juu.

Baada ya hapo, omba mchoro utolewe kwenye fremu. Muuzaji akikataa, shusha bei au ondoka. Chini ya ile kadi yenye dirisha inayozunguka picha kuna ukanda mwembamba ambao haukuwahi kupigwa na mwanga, na huo ndio shahidi wako. Linganisha ukanda huo na sehemu iliyokuwa wazi, hasa angani. Wachoraji wa karne ya 19 walipenda kuchanganya nili, rangi ya buluu ya mmea, na nyekundu ya udongo ili kupata kijivu cha mawingu. Nili haivumilii mwanga. Ikipotea, nyekundu hubaki peke yake, na wingu la mvua linageuka kuwa la waridi. Mtu asiyejua atasifu machweo mazuri! Jambo hili si geni: nchini Uingereza, wanasayansi Russell na Abney walitoa ripoti kuhusu athari ya mwanga kwa rangi za maji mwaka 1888. Rangi iliyopauka hairudi, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Madoa ni habari nyingine. Vidoa vya kahawia vilivyotawanyika na mstari wa kahawia ulioachwa na kadi yenye asidi vinaweza kupunguzwa na mhifadhi aliyesomea karatasi, kwa gharama ambayo lazima uitoe kwenye bei unayotaka kulipa. Gundi ya utepe wa plastiki iliyozama ndani ya karatasi ni kazi ngumu zaidi. Kinachonitia shaka kuliko doa ni karatasi nyeupe kupita umri wake: huenda mtu aliiloweka kwenye dawa ya kung'arisha, na nyuzi zake zimedhoofika.

Kwa tarehe, chukua taa ya urujuanimno (UV) uingie chumba chenye giza. Karatasi inayong'aa samawati-nyeupe ina dawa za weupe zilizoanza kutumika viwandani karibu na 1950, hivyo mchoro ulioandikwa 1910 juu yake una kesi ya kujibu. Vivyo hivyo kwa samawati ya ftalo, rangi ya buluu ya kiwandani iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1930. Ila usiigeuze hoja hiyo: karatasi ya zamani haithibitishi kitu, kwani mtu yeyote anaweza kuchora leo juu ya karatasi ya babu yake.

Sasa bei. Usimlinganishe msanii wako na jirani yake aliyepata umaarufu, hata kama walisoma kwa mwalimu mmoja. Tafuta mauzo yake mwenyewe ya mnadani: aina ileile ya rangi, ukubwa unaokaribiana, mada inayofanana. Bei inayotajwa na duka ni ombi tu, mauzo ndiyo ushahidi. Hesabu pia zile kazi zilizorudi bila mnunuzi, na uangalie kama bei iliyochapishwa inajumuisha ada ya mnunuzi, yaani nyongeza anayoilipa kwa nyumba ya mnada, kwani ada hiyo mara nyingi huzidi asilimia 20. Ukipata mauzo matatu tu, usitoe tarakimu moja kwa kujiamini. Toa kiwango cha chini na cha juu. Mandhari ambayo watu wa kwao wanaitambua huuzika vizuri zaidi hukohuko kuliko kwenye mnada wa mbali. Na thamani ya bima ni ya kununua mbadala dukani, hivyo huwa juu ya kile utakachopata ukiuza.

Ukishanunua, tumia kadi isiyo na asidi, vibandiko vya karatasi ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, na uache nafasi kati ya mchoro na kioo. Mwanga usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga). Kioo cha kuzuia urujuanimno husaidia lakini hakizuii mwanga wa kawaida, ambao nao hupausha.

Ubao wa nyuma wa fremu ya zamani usiutupe kabla ya kuupiga picha. Lebo ya mtengeneza fremu, namba ya maonyesho au bei ya penseli huenda ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya msanii huyo. Itoe pamoja na kipande cha ubao, uitie kwenye bahasha ya plastiki ya poliesta, uifunge nyuma ya fremu mpya.