Tusiishie Kuungana Msibani

Hapa Tabora mtu akifariki, hakuna anayeuliza turubai ni la Wamoravian au la Wakatoliki. Kwaya ya Waanglikana inaimba, kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wapo jikoni, vijana wa Kipentekoste wanachimba kaburi. Tukishaanua tanga, kila mtu anarudi kwao, na mahubiri ya kusemana yanaanza upya.

Mimi ni Mmoravian, na siamini kwamba kinachotutenga mtaani ni mafundisho. Mafundisho yana watu wake, nao wamefika mbali: tarehe 31 Oktoba 1999, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, yaani jinsi Mungu anavyomkubali mwenye dhambi, jambo lililowagawa tangu karne ya 16. Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Sisi huku tunagombania waumini. Mgonjwa anaambiwa haponi kwa sababu kanisa lake halina nguvu. Mchumba anadaiwa abatizwe upya ndipo ndoa ifungwe, na wazazi wa pande mbili wanaacha kusalimiana. Hilo linaniuma kuliko yote, maana nyumba ya vijana hao inaanza na ufa ambao kanisa ndilo lililoutia.

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine. Kazi ya injili pale Urambo ilianzishwa na wamisionari wa London Missionary Society, na mwaka 1898 wakawakabidhi Wamoravian. Shamba halikuachwa likaota magugu kwa kuwa jembe lilibadilisha mkono. Hata kitaifa, tangu 1992 Wakatoliki na makanisa ya CCT, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania inayounganisha makanisa ya Kiprotestanti, wana tume moja, CSSC, inayoratibu hospitali na shule zao. Kama maaskofu wanaweza kukaa meza moja kwa ajili ya dawa na madawati, wachungaji wa mtaa mmoja wanashindwaje kupigiana simu?

Nadhani simu ndiyo mwanzo. Muumini akihamia kwako, mjulishe mchungaji aliyemlea, kabla hujampa kipaza sauti atoe ushuhuda wa kuwasema wenzake. Wiki ya kuombea umoja wa Wakristo huwa tarehe 18 hadi 25 Januari. Ijayo, nawaomba viongozi wa makanisa ya Cheyo, Isevya na Ng'ambo hapa mjini wapange zamu ya pamoja wodini katika hospitali ya Kitete, padri na mchungaji mlango mmoja, na wamwombee kila mgonjwa anayetaka kuombewa bila kumuuliza anasali wapi.